Miguu Chini ya Leso

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nitasema kwa ufupi, maana nina mengi leo. Mwenzenu naitwa Tusekile, mtoto wa Tukuyu, Tanzania. Nilivuka mpaka kuja Nyeri kusomea ualimu, na tangu nivuke, mabalaa yananifuata utadhani nimeyabebea mtama. Niliibiwa begi kabla sijaingia darasa hata moja, nikakosa chumba, na nilipopata chumba nikajimwagia sufuria ya uji wa moto mguuni.

Mguu huo ndio ulionipeleka kwa Theuri. Yeye ni daktari wa kliniki moja ndogo pale mjini. Kila asubuhi alikuwa akiifungua bendeji na kuniambia, "Vumilia kidogo tu," kwa sauti ya chini ambayo ingenifanya nivumilie hata kukatwa. Mguu ulipona ukabaki na kovu pana, kutoka kifundoni hadi kwenye kidole gumba. Moyo ndio haukupona.

Ameniahidi kwamba Desemba atakuja Tukuyu na wajomba zake kujitambulisha. Nami, kwa ulimi wangu usio na kufuli, nikampigia mama. Mama akaiambia kwaya nzima, na baba mdogo tayari ana ndume wa ng'ombe anayemnenepesha kwa ajili ya wageni kutoka Kenya.

Wiki iliyopita niliwaachia pale Shiro, rafiki yangu, aliponiambia, "Huyo mtu si wako peke yako, Tuse." Nikamwita mwenye wivu mbele ya watu. Tukanuniana.

Sasa sikilizeni.

Ijumaa mchana Shiro aliingia chumbani kwangu bila kubisha, kana kwamba hatukuwa na ugomvi. Nyuma yake alikuwa Nekoye, binti wa Bungoma ninayekaa naye chumba kimoja, tayari amevaa koti.

"Tuse, beba sweta," Shiro akasema. "Tunaenda Kianyaga kwa shosho yangu. Tunarudi Jumapili." Shosho ndiyo bibi kwa lugha ya huku.

"Nani ameamua?"

"Imeamuliwa tu saa hii. Si wewe hulia ati hujawahi toka Nyeri? Muriithi ako na gari ya uncle yake hapo nje."

"Na wewe tangu lini tunasemeshana?"

"Tangu saa hii." Akafungua kabati langu akaanza kunichagulia nguo.

Nikamtazama Nekoye. Nekoye akatazama dirisha. Huyu ni mtu ambaye hata kanisani hawezi kunyamaza hadi amina, na siku hiyo mdomo wake ulikuwa umefungwa kama duka la Jumapili. Roho yangu ikashtuka kidogo.

Lakini Theuri alikuwa ameniaga asubuhi. Alisema kliniki inamtuma Nanyuki, kambi ya matibabu, mtandao huko ni wa shida, tutaonana Jumatatu. Kubaki peke yangu hosteli wikendi nzima nikiitazama simu isiyolia, sikutaka. Nikavaa sweta nikatoka.

Muriithi ni mwanafunzi mwenzetu, mchekeshaji wa darasa. Kwa kawaida nikiingia tu huanza kuigiza Kiswahili changu, "Samahani ndugu, naomba unipishe." Siku hiyo aliendesha ile Probox mpaka tukapita Karatina hajasema neno. Kisha, bila kugeuka, akasema:

"Pole, Tuse."

"Pole ya nini?"

Akakohoa. "Ya barabara. Iko na mashimo."

Barabara ilikuwa lami mpya, gari linateleza kama pasi kwenye shuka. Nikamwona Shiro akimkata jicho kwenye kioo.

Tulipofika Kutus, Shiro akasema tusimame anunue kitu. Nikashuka kunyoosha mguu. Nilimwona kwenye kibanda cha nguo akichagua kanga, ambazo huku wanaziita leso. Alichukua fungu zima, zote za rangi moja na maua yale yale.

"Za nini zote hizo?"

"Za kujifunika. Kianyaga ni baridi."

"Zote zinafanana?"

"Ndio tusipigane," akasema, akazunguka nyuma ya kibanda kupokea simu.

Mimi si mtu wa kusikiliza simu za watu. Ila siku hiyo viatu vyangu vilijipeleka vyenyewe hadi kwenye kona ya kibanda.

"Tumemleta," Shiro alikuwa akisema. "La, hajui kitu. Ukimwambia hatakubali, mi namjua. Wacha aone mwenyewe."

Mwenzenu nikajua nimeuzwa.

Msinicheke. Nilishasikia habari za wasichana waliokwenda kutembea wikendi wakarudi wake za watu. Na Shiro ana mjomba mmoja, Dedan, mjane mwenye shamba la chai Kianyaga. Mjomba huyu amewahi kuniuliza kwenye simu ya Shiro kama Watanzania hula githeri, na kama nasikia baridi usiku. Wakati ule nilidhani ni maongezi tu. Sasa nikayaona maswali yale kwa jicho jingine kabisa.

Gari lilipoanza kupanda, mashamba ya mpunga yakabaki nyuma, na mbele yakaanza ya chai. Nikamtumia Theuri ujumbe: "Nipo njiani kwenda Kianyaga na kina Shiro. Sipendi wanavyofanya. Nipigie." Nikakaa nikiangalia alama ya ujumbe. Haukufika. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Na nani alisimama langoni tulipoingia? Mjomba Dedan. Amevaa kofia na koti zuri, anatabasamu.

"Huyu ndiye mgeni wetu wa Tanzania? Karibu sana. Tumekungoja."

"Mmeningoja tangu lini?" nikauliza. "Si safari imeamuliwa leo?"

Tabasamu likamwisha. Akamtazama Shiro, Shiro akatazama viatu vyake. Ninyi mngefanya nini? Mimi nilitafuta kwa macho njia ya kutokea, nikaona ua wa miti shina kwa shina na mbwa wawili.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tenti kubwa, masufuria ya kupikia kijiji kizima, na akina mama wakimenya viazi huku wakiimba. Hapo nikasimama. Nikamshika Shiro mkono.

"Shiro, hapa kuna harusi. Niambie ni ya nani kabla sijapiga kelele."

Akanitazama kama mtu aliyechoka. "Ni ya Kabura, cousin yangu. Kesho ni ngurario yake."

Kwa wasomaji wasiojua, ngurario ni ndoa ya kimila ya Wakikuyu. Mwanamume huja na watu wake na mbuzi wake, nyama hukatwa mbele ya wazee, na ikishakatwa, huyo ameoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema huna nguo. Ungekataa kukuja."

"Bwana harusi ni nani?"

"Ni mtu wa Nyeri."

"Hana jina?"

"Kesho utamwona," akasema, akaingia jikoni.

Nilipumua. Angalau bibi harusi hakuwa mimi. Lakini nusu ya wasiwasi ilibaki palepale, maana kama ni harusi ya Kabura, yale ya "hajui kitu" na "hatakubali" yalikuwa ya nini?

Kabura mwenyewe alinijia jioni, nimekaa jikoni na Nekoye tukimenya vitunguu saumu. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kutus, mrefu, kucha zimepakwa rangi, nywele zimesukwa upya. Alibeba karai la maji ya moto.

"Mgeni, weka miguu hapa. Umetembea na baridi."

Nikavua soksi. Hakuangalia uso wangu. Aliangalia mguu wa kushoto, akachuchumaa, akalifuata lile kovu kwa kidole kutoka kifundoni hadi kwenye kidole gumba.

"Uliungua na nini?"

"Uji."

"Pole. Aliyekutibu anajua kazi."

"Ni mchumba wangu," nikasema. Nilikuwa najivunia, sitawaficha.

Kisu kikamponyoka Nekoye kikaangukia sakafuni. Kabura hakugeuka.

"Mchumba," akasema. "Atakuja kwenu?"

"Desemba, na wajomba zake."

"Desemba ni mwezi mzuri," akasema polepole. "Watu huwa wako likizo."

Akanipa taulo, akatoka. Nikabaki nikitazama maji. Kitu kilikuwa kinaniwasha na sikujua ni nini, hadi nilipokuwa najikausha kidole cha mwisho. Kabura hakuniuliza jina la mchumba wangu. Wanawake wote ninaowajua wangeuliza hilo kwanza.

"Nekoye," nikamwita. "Kuna nini?"

Nekoye akafuta machozi. "Ni vitunguu, mami."

"Vitunguu saumu haviwatoi watu machozi."

"Basi vyangu vinatoa," akasema, akanipa mgongo.

Asubuhi ya Jumamosi niliamkia simu. Nikapiga, nikapiga, mwishowe Theuri akapokea.

"Tuse, niko kazini." Alikuwa akihema kama mtu anayetembea.

"Ulipata ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani? Simu ilikuwa imezima. Nimeiwasha tu saa hii, hata sijasoma kitu."

Nikataka kumwambia niko wapi. Kabla sijafungua mdomo, nikamsikia mbuzi. Alilia kwa sauti ya kukwaruza, mara mbili, karibu kabisa na simu.

"Theuri, mnatibu watu au mbuzi?"

Akacheka haraka mno. "Ni ya jirani. Kambi iko kwa shule, watu wanapita na mifugo. Wacha nikupigie baadaye, sawa? Vumilia kidogo tu."

Akakata. Nikaifunga simu, nikajiambia Nanyuki ni mji wa mifugo, kwa nini kusiwe na mbuzi? Penzi ni wakili mzuri, jamani. Halikosi la kujibu.

Chai ilipoisha, Shiro akaja na zile leso mkononi.

"Tuse, utatusaidia. Wewe na Nekoye mtafunikwa pamoja na Kabura."

Akanieleza. Wageni wakishaingia, bibi harusi na wasichana wengine hufunikwa leso kuanzia kichwani hadi karibu na chini, wakapangwa mstari. Bwana harusi hupita mbele yao amtafute wake. Haruhusiwi kufunua wala kuuliza. Akimgusa mmoja, amechagua. Akikosea, watu wake hutozwa mbuzi mwingine, watu hucheka, kisha anatafuta tena.

"Huwa wanakosea?"

"Saa zingine. Wengi huwa wameambiwa kisirisiri na bibi harusi atavaa bangili gani mguuni. Ni mchezo tu." Hakuwa anacheka aliposema mchezo. "Toa viatu."

"Kwa nini?"

"Bwana harusi asimjue mtu kwa viatu."

Nikavua viatu.

"Na soksi."

Nikageuka. Nekoye alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake nene za shule, nyeusi. Msichana mwingine, jirani yao, alikuwa nazo pia.

"Hawa mbona wamebaki na soksi?"

"Wewe toa, Tuse."

"Shiro, niambie ukweli. Mjomba Dedan ana shughuli gani na mimi?"

Mara ya kwanza tangu Ijumaa, Shiro alinitazama machoni. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Dedan? Ati Dedan?" Nusura acheke. Halafu akanishika mkono kwa nguvu. "Hakuna mtu hapa anataka kukudhuru. Hata mimi. Uliniita mwenye wivu, na nikajua nikisema tena utaniita hivyo tena. Toa soksi. Tafadhali."

Nilitoa. Sijui kwa nini nilimwamini. Labda kwa sababu hakuna mtu anayekuuza huku anakusihi.

Saa za mchana tukasikia nyimbo langoni. Wanaume wanaimba nje wafunguliwe, akina mama wa ndani wanawajibu kwa vijembe, hatufungui, mmetoka mbali, mmetuletea nini? Vicheko. Kisha lango likafunguliwa, na vigelegele vikatanda hadi kwenye mashamba ya chai.

Tukafunikwa. Shosho, bibi yake Shiro na Kabura, ndiye aliyetupanga, akitusukuma kwa mikono migumu. Mimi nilikuwa wa tatu. Ndani ya leso kuna giza jekundu na harufu ya kitambaa kipya. Kitu pekee unachokiona ni kipande cha majani miguuni mwako, na vidole vyako mwenyewe.

"Haya, kijana wetu," nikamsikia Mjomba Dedan. "Msichana wako yuko hapa. Chagua. Ukishika, umeshika."

Watu wakacheka. Hatua zikaanza upande wa kushoto. Nikasikia viatu vikipita mbele ya msichana wa kwanza, vikasimama, vikaendelea. Vikapita mbele ya wa pili. Vikaingia kwenye kipande changu cha majani.

Vilikuwa viatu vya ngozi, kahawia, vimepigwa rangi vizuri. Kimoja kilikuwa na kamba ya kahawia. Kingine kilikuwa na kamba nyeusi.

Kamba ile nyeusi niliiweka mimi. Jumapili iliyotangulia yake ilikatika tukitoka kanisani, nikachomoa ya kiatu changu cha zamani, nikapiga magoti kwenye ngazi za kanisa nikamfunga. Akaniambia hataitoa hadi Desemba. Ahadi hiyo moja ameitimiza.

Sitawaambia kwamba nilikuwa na nguvu. Nilichofanya kwanza ni kurudisha mguu wa kushoto nyuma, kuuficha chini ya pindo la leso. Ndiyo, nilitaka kumficha yeye. Nilitaka apite, achague wake, nirudi Nyeri nikajifanye sikuona, na Desemba ije kama ilivyopangwa. Nilimwona mama na kwaya yake. Nilimwona baba mdogo akimpelekea yule ndume maganda ya ndizi.

Viatu vikaanza kugeuka kwenda kwa wa nne.

Na hapo hasira ikaja, mwenzenu, hasira ambayo sijawahi kuijua. Ilitoka kwenye ule mguu ikapanda. Marafiki zangu walikuwa wamenibeba kutoka Nyeri hadi hapa ili nione kwa macho yangu, nami nikishaona nijifiche?

Nikausogeza mguu mbele. Nikautoa wote kwenye majani, kovu juu.

Viatu vikasimama.

Wanawake waliokuwa wakiimba waliendelea kidogo, kisha sauti moja ikaacha, na nyingine. Nikasikia pumzi yake. Kisha nikasikia jina langu, limenong'onwa kwa sauti ya mtu aliyeona maiti ikikaa kitako.

"Tuse?"

Akayumba. Nadhani alitaka kitu cha kushikilia asianguke, na kilichokuwa karibu ni bega langu. Mkono wake ukatua juu ya leso.

"Ameshika!" Shosho akapaza sauti. "Ameshika huyu!"

Vigelegele vikalipuka. Mikono ikavuta leso kutoka kichwani pangu, na mwanga ukanipiga usoni. Wageni walikuwa wamejaa tenti. Mbele yangu alisimama Theuri, suti ya bluu, ua kifuani, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Amekosa!" akina mama wakaimba, wakishikana mbavu. "Amekosa! Leta mbuzi! Leta mbuzi!"

Watu wake walikuwa wakicheka pia. Mzee mmoja tayari alikuwa akifungua kamba ya mbuzi mwenye madoa, amlete, tuendelee. Nusura jambo lote lipite hivyo hivyo, kama mchezo.

"Shosho, ngoja."

Kabura alikuwa amejifunua mwenyewe. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alitembea taratibu hadi pale tuliposimama, leso ikiburutika nyuma yake, na kadiri alivyokuja, vicheko vilizidi kufa.

"Mbuzi hulipwa mtu akikosea," akasema. "Si ndivyo?"

"Ndivyo," Shosho akajibu. "Na si amekosea? Huyu ni mgeni."

"Bado hatujui."

Mjomba Dedan alivua kofia yake. Nyuma ya Shosho nikamwona Shiro, mikono imefunika mdomo, na Nekoye amemkumbatia. Na nikaelewa ile simu ya Kutus, na vitunguu, na karai la maji. Kabura alikuwa amesikia habari zangu. Alitaka kuona kama mtu wake ataujua mguu wangu kati ya miguu yote.

Theuri akanisogelea. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Tuse," akasema chinichini, sauti ile ile ya kufungua bendeji. "Vumilia kidogo tu."

"Siulizi wewe," Kabura akamwambia, bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwangu, makavu, na ndani yake niliona kitu ambacho nilikijua vizuri, maana kilikuwa hata ndani yangu. Alikuwa bado anatumaini.

"Dada," akasema, watu wote wakisikia. "Mimi nitakubali neno lako. Ukisema amekosea, tutachukua mbuzi, na sherehe itaendelea. Sema. Huyu mtu amekosea, ama hajakosea?"

Yule mbuzi wa madoa akanyoosha shingo akalia, sauti ya kukwaruza, mara mbili, kama alivyolia asubuhi kwenye simu ya Nanyuki.

Nikafungua mdomo.